Jua Likiwa Nyuma ya Gari

Eulalie alikuwa mtu wa kuuliza, tena sisemi kuuliza kwa upole. Ukimwambia kwamba mwanamke mjamzito hali mayai, atataka kujua imeandikwa wapi. Ukimwambia kwamba ofisi fulani haipokei mtu aliyevaa kandambili, atataka kujua nani alisema, lini, na kama mwenye kandambili aliulizwa. Alikuwa sekretari wa wakili mmoja huko Ibanda, mjini Bukavu, Maître Constantin, na wateja walimwogopa yeye kuliko wakili mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo mletee habari ya vioo vya gari, uone. Asubuhi moja, wakinywa chai nyumbani kwao Bagira, redio ilitangaza kwamba polisi wa roulage, wale wanaosimamia barabara, wamechoka na magari yenye vioo vyeusi. Kila mwenye gari la namna hiyo abandue ile plastiki nyeusi iliyobandikwa kwenye vioo kabla mwezi haujaisha, la sivyo gari litashikwa. Mtangazaji alisema hayo, akaweka muziki, basi. Hakusema vioo vya mbele au vya nyuma. Hakusema weusi wa kiasi gani. Wala hakusema lolote kuhusu gari lililotoka kiwandani na giza lake. Chris, mume wa Eulalie, aliendelea kupaka mkate wake siagi. Eulalie aliweka kikombe chini.

Gari lao lilikuwa Toyota ya zamani, usukani kuume kama magari mengi ya Bukavu, nao walilinunua kwa daktari mmoja aliyependa kusinzia kiti cha nyuma mchana. Daktari huyo ndiye aliyebandika plastiki nyeusi kwenye vioo vyote vya nyuma. Chris alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuona faida ya mambo hayo. Alisema watu wanadhani anasafirisha waziri, kumbe anasafirisha makaratasi ya mtihani. Angeibandua siku ileile ya kwanza, lakini mke wake alimzuia, na sababu ya kumzuia hakuna aliyeijua isipokuwa wao wawili.

Sababu ilikuwa mama yake Eulalie.

Mama huyo aliitwa Virginie. Aliuza sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, kando ya barabara huko Kadutu, si mbali na soko, mahali palepale miaka yote, na kwa kuwa Eulalie ndiye mtoto wake wa kwanza, mtaa mzima ulimwita Mama Eulalie. Zamani jina hilo lilikuwa sifa. Eulalie aliingia kwa masere, watawa wa kanisa, akiwa bado msichana, na tangu siku hiyo Virginie akapata namna mpya ya kutembea. Wamama wa parokia walishona sare ya kitenge kwa ajili ya siku ya nadhiri. Wajomba walikwishaambiwa. Basi vitenge vikiwa tayari vimepigwa pasi, Eulalie akatoka utawani. Hakufukuzwa. Alijiuliza maswali yake, akajijibu kwamba maisha yale si yake, akaaga vizuri, akarudi nyumbani na mkoba mmoja. Haukupita muda mrefu akaolewa na Chris.

Virginie hakumpiga wala hakumlaani. Alifanya lililo baya kuliko hayo. Jumapili moja baada ya misa, uwanjani pa kanisa, mbele ya wamama wenzake wote, alimtazama mtoto wake kutoka kichwani hadi miguuni na kumwambia, “Macho yangu isikuone tena.” Kisha akampa kisogo, akashuka ngazi za kanisa.

Mtu mwingine angelia, akanyamaza, halafu akarudi na kuku mkononi na mjomba wa kumwombea. Eulalie naye alilia, tena sana. Lakini huku akilia alikuwa anayapima yale maneno, jinsi alivyozoea kupima barua za ofisini. Mama amekataza kumwona yeye. Hakukataza yeye kumwona mama. Kwamba asionekane, sawa, amesikia. Lakini kuangalia, hakuna mahali palipokatazwa. Jamani, kichwa gani hicho! Badala ya kwenda kupiga magoti, mtu anakwenda kutafuta tundu kwenye ukuta.

Na tundu lenyewe likawa kioo cha gari la daktari. Karibu kila asubuhi ya kazi, Chris aliacha njia ya kawaida ya kwenda mjini, akapandisha Kadutu, akapita polepole mbele ya meza ya Virginie. Eulalie alikaa nyuma, upande wa juu wa barabara, upande wa mama, pua yake karibu inagusa plastiki. Aliona kama mama amevaa sweta, maana yake kifua kimeanza tena. Aliona kama beseni limejaa, kama wateja wapo, kama anacheka na Ghislaine, jirani yake anayeuza ndizi. Gari likipita, habari zimekwisha mpaka kesho. Zawadi aliwahi kutuma, sweta mpya, ikarudishwa na karatasi zake. Kupitia watu alijaribu, nao wakarudi na nyuso zimewashuka. Kwa hiyo alibaki na kioo tu.

Na sasa redio inakitaka kioo. Plastiki ikitoka, mama atamwona. Akimwona, atahama mahali pale, au atageuza stuli yake aipe barabara mgongo, kwa maana Virginie akisema jambo amelisema. Na Eulalie hakuwa na mahali pengine duniani pa kumwonea mama yake. Hilo ndilo lililomfanya aiache chai ipoe.

Chris, ambaye si mtu wa vita, alishauri waibandue yaishe, kwa kuwa sheria ni sheria. Mke wake akamuuliza kama ameisoma.

Hakuisoma. Ajabu ni kwamba mji mzima uliijua sheria hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeisoma. Eulalie alianza kwa Thierry, kijana anayebandika vioo plastiki karibu na Nyawera. Thierry aliapa kwamba wanaotafutwa ni wenye plastiki mbele tu, kwamba nyuma ni sebule ya mtu na polisi hana kazi na sebule. Kisha akaongeza kwa heshima kwamba maman akitaka kubandua, yeye pia anabandua. Jirani mmoja wa Bagira alisema kioo kilichotoka Japani kikiwa cheusi hakina kosa, kwa sababu huwezi kukiadhibu kitu kwa rangi kiliyozaliwa nayo. Dereva wa pikipiki alisema sheria ni ya majambazi, wala haimhusu mtu anayekwenda kazini. Mama mmoja wa kwaya alisema wakubwa wana kibali na wadogo wana faini, mambo yakaishia hapo. Kila mmoja alisema kwa uhakika, kidole juu, na kila mmoja alisema lake.

Nisidanganye, Eulalie alifurahi. Hofu ilikuwepo, lakini juu yake palikuwa na ule utamu anaoujua mtu aliyepoteza ufunguo akiwa na hakika kwamba umo humuhumu chumbani. Alitembea na swali lake kama mtu aliyepewa likizo. Usiku alimweleza Chris alichosikia mchana, na Chris, aliyekuwa anasahihisha mitihani, akaanza kumuuliza nani alisema nini, mpaka makaratasi yakabaki pale.

Hatimaye alimwendea Maître Constantin, mlango wa pili tu kutoka kwenye meza yake. Wakili hakujifanya anajua yote. Alisema mambo ya vioo yana maandishi yake, tena zaidi ya moja, ya zamani na ya juzi, ya nchi na ya mji, na kwamba yote yanazunguka mambo mawili: dereva aone nje vizuri, na mwenye kulinda barabara aone ndani. Kuna nchi zina kifaa cha kupima mwanga unaopita kwenye kioo. Kuna ruhusa huombwa kwa barua, na barua lazima itoe sababu. Lakini leo, Bukavu hapa, akasema, la kujua kwanza ni agizo walilopewa wale wanaosimama barabarani, na hilo kamuulize anayelisimamia. Kisha akamuuliza kwa nini gari moja kuukuu linamsumbua namna hii. Eulalie alisema ni kwa ajili ya Chris. Wakili alimtazama juu ya miwani yake, akarudi kwenye kazi.

Aliyelisimamia agizo katika sehemu ile ya mji alikuwa mwanamke, komanda Maombi, mfupi, mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Jua lilikuwa limeanza kushukia milima ya Kadutu siku Chris na Eulalie walipomfuata mahali anaposimama, penye mzunguko wa magari. Eulalie alishuka, akasalimia, akauliza moja kwa moja: agizo linasema nini hasa.

Maombi alionekana kupendezwa. Alisema tangu tangazo litoke, watu wamekuja kulia, wamekuja kutisha, wamekuja kutaja majina ya wakubwa, lakini wa kuja kuuliza ni huyu wa kwanza. Akamwambia agizo lililoshuka kwake linasema hivi: mtu aliyesimama barabarani aweze kujua nani yumo ndani ya gari. Hawakupewa kifaa cha kupimia. Kwa hiyo yeye ametafuta namna yake. Hapimi yeye. Anampa mwenye gari apime mwenyewe, ili asije akasema roulage wamemwonea.

Ndivyo Chris alivyojikuta amehamishiwa kiti cha nyuma, milango imefungwa, na mke wake amesimama nje na komanda. Kwanza Maombi alimweka Eulalie upande ambao jua lilimpiga mgongoni. Amwone mume wake. Eulalie alikaza macho. Alichoona ni Eulalie, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na nyuma yake mzunguko wote wa magari. Akakirekebisha kitambaa. Chris kama hayupo duniani.

Kisha komanda akamshika mkono, akamzungusha mpaka upande wa pili wa gari, jua sasa likiwa mbele yake, nyuma ya gari. Hapo Eulalie akacheka. Chris alikuwa humo mzimamzima: masikio yake, miwani yake, shingo yake nyembamba. Alipiga miayo. Akajikuna. Halafu, akiamini hakuna amwonaye, mwalimu wa hesabu alitia kidole puani, na madereva wawili wa pikipiki waliosimama pale wakapata la kusimulia jioni.

“Unaona?” Maombi alisema. “Ile plastiki haifiche mutu. Ukiwa na jua kwa mugongo yako, unajiona weye mwenyewe. Lakini jua ikiwa nyuma ya gari, mwenye iko ndani anaonekana yote, shingo, kichwa, ata akilala.”

Eulalie alikuwa bado anacheka alipolisikia neno lenyewe, na kicheko kikakatika katikati. Jua likiwa nyuma ya gari. Aligeuka akatafuta upande wa ziwa, vilima vya Rwanda kule ng'ambo, vyekundu kwa mwanga wa jioni. Asubuhi jua hutoka kule. Na Kadutu imepanda juu ya mji, uso wake umeelekea kulekule. Mama anakaa upande wa juu wa barabara. Gari linapita mbele yake, chini kidogo, na nyuma ya gari hakuna nyumba wala mti, kuna ziwa na jua linalopanda. Kila asubuhi. Na yeye huwa amekaa pua kwenye kioo.

Aligeuka, akakitazama tena kile kioo.

Komanda alikuwa anaendelea na hukumu yake. Alisema gari hili upande mmoja lina kosa na upande mwingine halina, lakini hawezi kuliandikia nusu faini, kwa hiyo plastiki itoke kabla ya mwisho wa mwezi. Au, kama kuna sababu kubwa, waandike barua ya ruhusa. Akauliza sababu yao ni nini. Chris, aliyekuwa ameshuka, alikohoa na kutazama viatu vyake.

“Ni mama yangu,” Eulalie alisema. “Alikataza macho yake isinione. Ninapita mule ndani asubui, ili miye nimwone.”

Maombi hakucheka. Alipiga filimbi kumzuia mtu wa pikipiki aliyebeba magodoro, akangoja apite, akarudisha uso.

“Na yeye, asubui, anakaa upande gani ya jua?”

Eulalie aliaga, akaingia garini.

Njiani kurudi Bagira alikaa mbele, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Chris alingoja maswali yaanze, na yalipochelewa akaogopa. Walikuwa wameikaribia nyumba Eulalie alipoanza kusema. Alisema kuna njia mbili tu. Huenda mama haangalii magari, barabara ya Kadutu ina magari mangapi, na mtu anayepima sambaza hana macho ya kutupa ovyo. Au anaona. Na kama anaona, basi kila asubuhi Eulalie amekuwa akilivunja neno la mama mbele ya macho ya mama mwenyewe, na mama amekuwa akikaa pale anameza hasira kimyakimya, hata jina la mtoto wake hataki kulitaja. Chris alisema labda kuna njia ya tatu. Eulalie alimwambia aangalie mashimo ya barabara.

Ile ya tatu alikuwa ameshaifikiria, bila shaka. Hakutaka kuisema kwa sababu aliitaka mno.

Chris alisema dawa ni kwenda kumuuliza mama. Eulalie akasema akienda, ameonekana, na mama akigeuza uso Eulalie hatajua kamwe kama siku zote mama alikuwa anamwona garini au la. Alitaka kujua kwanza. Mwalimu wa hesabu akafikiri, akasema basi, kama ni kujua, darasani wao huondoa kitu kimoja na kuacha vingine vyote vilevile, kisha wanaangalia kinachobadilika. Eulalie alimtazama mume wake kwa mapenzi makubwa.

“Kesho upite bila mimi,” alisema.

Kesho yake alishuka chini ya Kadutu, akapanda kwa njia ya miguu, ile ya mteremko inayotoa watu jasho, amejifunika kitenge kichwani kama mama wa kutoka kijijini. Alifika kabla ya gari. Kuna mtu aliuza makaa pale karibu, magunia yamesimama mstari mmoja, naye akajiweka nyuma ya magunia kama anayengoja bei ishuke. Kutoka pale mpaka stuli ya mama yake ungeweza kurusha ndizi ikadakwa.

Kwanza alishangazwa na rangi. Ile plastiki ilikuwa imempa mama wa rangi ya chai, siku zote, asubuhi zote, naye alikuwa amesahau. Kitenge cha Virginie kilikuwa cha kijani kibichi. Nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe, si kijivu. Sambaza zilimetameta beseni zima. Alitaka kutoka pale magunia yasimzuie, amwambie mama nywele zimekuwa lini hivi. Akashika roho, akabaki.

Gari lilisikika kabla ya kuonekana, ekzosi yake ilikuwa na kikohozi chake. Virginie alikuwa anampimia mteja. Aliposikia kile kikohozi akaliacha bakuli limejaa nusu, mteja ameshika mfuko wazi, akainua kiganja kukinga macho. Hakutazama dereva. Alitazama dirisha la nyuma, moja kwa moja, mtu anavyotazama mlango anaoujua. Jua lilikuwa pale, nyuma ya Toyota, kubwa, na gari likapita ndani yake polepole kama Chris alivyoagizwa, na kupitia vioo viwili vyeusi Eulalie mwenyewe, nyuma ya magunia yake, aliona wazi kiti kitupu.

Virginie aliinuka nusu. Akakaa. Akainuka tena. Mteja alimwambia kitu, hakusikia. Alimwambia Ghislaine amwangalilie beseni, akashuka barabarani, kwanza kwa kutembea, kitenge ameshika kwa mkono mmoja. Kisha Mama Eulalie, mjane, mama wa parokia, mwenye kifua, akakimbia. Wamama wa umri ule hawakimbii barabara ya Kadutu. Pikipiki zilimkwepa na watu wakageuka kutafuta mwizi, na nyuma yake Eulalie naye alikuwa anakimbia, kitenge kimeanguka, hajui kama analia au anahema.

Kwenye kona ya chini kulikuwa na lori linajaribu kugeuza, na Chris alikuwa amekwama nyuma yake. Upande wa juu wa gari ulikuwa umejaa pikipiki. Virginie akazunguka upande wa ziwa, akapiga kioo cheusi kwa kiganja. Akaweka uso pale, mikono miwili kando ya macho kama mtu anayechungulia kisimani. Upande ule jua lilikuwa mgongoni mwake, na hakuona kitu. Akapiga tena.

“Mutoto iko wapi?” Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia mkwe wake. “Leo haiko. Anagonjwa? Wee baba, niambie, mutoto iko wapi?”

Nyuma yake Eulalie alikuwa ameshafika.

“Mama,” Eulalie alisema.

Mabega ya Virginie yalisimama. Hakugeuka. Alikuwa amesema neno mbele ya kanisa zima, na neno hilo lilikuwa bado limemkaza shingo. Lakini mikono yake ilitoka kando ya macho, taratibu, na uso ukajitenga kidogo na kioo, na pale kwenye plastiki ya daktari, jua limewapiga wote wawili, mtoto wake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, mzima, miguu kwa kichwa, na rangi zake. Walitazamana humo. Eulalie hakuthubutu kusogea, asije akatoka kwenye kioo.

“Umekonda,” Virginie alikiambia kioo. “Nilikuwa ninaona shingo na kitambaa tu. Sikuona kama umekonda.”

“Ulikuwa unaniona,” Eulalie alisema. “Siku zote. Na hukusema.”

Virginie alijifuta pua kwa nyuma ya mkono.

“Ningesema,” alijibu, “ungeacha kupita.”

Eulalie, mtu wa kuuliza, alitafuta swali na hakulipata. Alisimama tu na machozi yanashuka mpaka kidevuni, akimtazama mama yake akimtazama. Na Chris, ambaye hakuelewa kwa nini watu wawili wanazungumza na mlango wa gari lake, alifikiri wanataka kufunguliwa, akafinya kitufe cha dirisha. Kioo kikashuka, na Eulalie aliyekuwa ndani yake akashuka nacho. Virginie akabaki uso kwa uso na kiti kitupu. Lori lilikuwa limeshageuka na nyuma yao pikipiki zilipiga honi, na mtu mmoja akawa anapiga kelele kwamba wanafunga barabara.

Virginie alishika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, akamgeukia mtoto wake.